Mbawakawa wa madoa katika nyumba mpya: kazi ya leo na kazi ya Septemba

Swali: Mwezi wa sita mimi na mume wangu tulinunua nyumba yetu ya kwanza, baada ya kupanga kwa miaka 9. Ni nyumba ya zamani yenye ghorofa, pembezoni mwa mji mdogo kusini mwa Minnesota, na nyuma yake kuna shamba la soya. Katikati ya Oktoba, siku moja ya jua iliyofuata siku kadhaa za baridi, ukuta wa nyuma ulifunikwa na wadudu wadogo wa mviringo, wa rangi ya chungwa, wenye madoa meusi, kama wale tuliokuwa tukiwaona utotoni kwenye maharage kule Njombe. Sasa wamo ndani. Chumba cha juu wamejaa kwenye dirisha na pembe za dari, wananuka, na mapazia yangu meupe yameingia madoa ya manjano. Mtoto wangu wa miaka 6 ana pumu. Mume wangu amenunua makopo manne ya dawa ya moshi, yale ya kufungulia chumbani na kuondoka. Je, wadudu hawa wanataga ndani ya nyumba? Wana madhara gani? Na je, aliyetuuzia nyumba alituficha?

Jibu: Dada yangu, kabla ya yote naomba umwambie shemeji asiyafungue makopo hayo, na kama risiti bado ipo ayarudishe dukani. Sababu nitazieleza mbele kidogo. Kwa ufupi, wadudu hawa hawatagi ndani ya nyumba, hawali mbao wala nguo, na hawaishi humo kwa maana ya kuishi. Wamejihifadhi tu wakisubiri baridi ipite. Kwa hiyo kazi ya ndani ni kuwafyonza kwa mashine na kuvumilia hadi Aprili, na kazi yenyewe hasa iko kwenye ukuta wa nje, nayo wakati wake ni mwishoni mwa majira ya joto yajayo.

Tuanze kwa kuwatambua, kwa sababu si kila mdudu wa mviringo anastahili jibu hili. Chukua mmoja aliyekufa, mweke juu ya karatasi nyeupe chini ya taa, umtazame kutoka nyuma kuelekea kichwani. Kati ya kichwa na mabawa magumu yenye madoa utaona kipande cheupe mithili ya kola. Ikiwa kwenye kola hiyo kuna alama nyeusi inayofanana na herufi M, ambayo ukimgeuza akutazame inakuwa W, basi huyo ndiye anayeitwa kitaalamu Harmonia axyridis, mbawakawa wa madoa mwenye asili ya Asia Mashariki. Usijisumbue kuhesabu madoa, maana wengine wanayo 19 na wengine hawana hata moja, na rangi yao inaanzia manjano iliyopauka hadi nyekundu iliyokolea. Urefu wao ni kati ya milimita 5 na 8. Ukikuta vidudu vidogo zaidi, vya milimita 3 hivi, vyenye mabaka ya kahawia na meupe, vikitambaa kwenye zulia au kabati la nguo za sufu, hao ni wadudu wengine kabisa na nitawataja tena hapa chini. Lakini ukuta uliofunikwa kwa alasiri moja, ya jua baada ya baridi, hauniachi na shaka kubwa.

Ndugu zao uliowaona Njombe, ukiondoa wachache wanaokula majani ya viazi na maboga, ni rafiki wa mkulima, kwa kuwa wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Hawakuingia ndani kwa makundi kwa sababu baridi ya Njombe, ingawa nayo si ya mchezo, haigandishi maziwa na mito kwa miezi kadhaa mfululizo. Huyu wa Minnesota naye ni mla vidukari, tena hodari, na Marekani watu wenyewe walimwalika. Kuanzia mwaka 1916 wataalamu wa kilimo walimleta mara kwa mara, kwanza California na baadaye majimbo mengine, ili alinde miti ya matunda na mazao. Kwa miongo mingi kila walipomwachia ilionekana kana kwamba anapotea. Mwaka 1988 akakutwa Louisiana akiwa amestawi, na tangu hapo akaenea sehemu kubwa ya nchi. Uingereza alifika mwaka 2004, na Afrika Kusini alikuwa ameshaonekana mwaka 2001. Kwa eneo lako jambo lililomneemesha ni shamba lile la soya: mwaka 2000 vidukari wa soya, nao wakiwa wageni kutoka Asia, waligunduliwa katika majimbo ya kati ya Marekani, na tangu hapo mbawakawa huyu ana jiko linalowaka majira yote ya joto. Soya inapokauka na kuvunwa, jiko limezimika, na baridi inabisha hodi.

Hapo ndipo nyumba yako inapoingia katika habari hii. Kwao Asia, wanapojiandaa kwa baridi, hutafuta majabali yaliyo wazi kwa jua, yenye nyufa za kujibanza. Nyumba ya ghorofa iliyosimama peke yake kando ya shamba tambarare, yenye ukuta mpana unaoelekea kusini au kusini-magharibi, kwao ni jabali. Huruka siku ambayo joto linapanda hadi nyuzi 18 hivi za selsiasi au zaidi baada ya usiku wa baridi kali, hutua ukutani kuanzia mchana, kisha hupanda na kupenya katika upenyo wowote watakaoupata kwenye fremu za madirisha, chini ya upenu, na pale paa linapokutana na ukuta. Waliotangulia huacha harufu ambayo wenzao huitambua, ndiyo maana nyumba iliyowapokea mwaka jana huwapokea tena mwaka huu. Nalisema hili pia kwa sababu najua jinsi mwenye nyumba mpya anavyoona haya wageni wanapofika na kukuta wadudu dirishani: usafi wa nyumba hauhusiki hata kidogo.

Kuhusu kutaga, mayai yao hutagwa majira ya kuchipua, nje, kwenye majani yenye vidukari, kwa sababu viluwiluwi wanaotoka humo wakikosa vidukari wanakufa. Ndani ya kuta zako hakuna yai hata moja. Hata hivyo, itatokea siku ya Januari au Februari, jua limewaka na mashine ya kupasha joto inafanya kazi, uamke ukute 60 wapya dirishani, na utadhani wamezaliana. Hao ni wale wale wa Oktoba. Walikuwa wamelala ndani ya ukuta, wakapata joto, wakadhani majira yamebadilika, wakafuata mwanga, na badala ya kutokea nje wakatokea chumbani. Wengi wao watakufa humo, kwa kuwa hewa ya nyumba inayopashwa joto ni kavu mno na akiba ya mafuta waliyoibeba mwilini inaisha haraka wanapokuwa macho.

Madhara yao ni ya kweli, ila si yale ambayo watu huyaogopa. Ukimshika mbawakawa huyu kwa nguvu au ukimfuta kwa kitambaa, hutoa tone la maji ya manjano kwenye maungio ya miguu. Hiyo ni damu yake, ameitoa kwa makusudi ili adui amwache. Ina uchungu, inanuka kama karanga zilizovunda zikichanganywa na pilipili hoho mbichi, na inashika kwenye kitambaa cheupe. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mapazia yako. Mara chache huuma, nako ni kama kufinywa kidogo, hakuna sumu. Ikiwa mna mbwa, msimwache awaokote, kwa sababu wapo mbwa waliokutwa na mbawakawa hawa wamenasa kwenye kaakaa na mdomo wote umebabuka.

Linalonishughulisha zaidi ni mtoto. Marekani imeandikwa mara nyingi kwamba watu wanaokaa na wadudu hawa kwa wingi hupata mzio: mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na kuvimba, na kwa baadhi yao pumu kuchachamaa. Kinachowadhuru ni damu hiyo iliyokauka pamoja na vipande vya miili iliyokufa, ambavyo huwa vumbi. Mweleze daktari wake kwamba nyumba ina wadudu hawa na tangu lini, maana huenda asiulize. Mtoto asilale chumba hicho cha juu msimu huu, kazi ya kufyonza ifanyike asipokuwepo, na vichujio vya mashine ya kupasha joto vibadilishwe mara kwa mara kuliko kawaida.

Sasa nirudi kwenye makopo ya shemeji. Dawa ya namna hiyo hutoka kama ukungu na kutua juu ya vitu vilivyo wazi: sakafu, kitanda, vikombe, vichezeo vya mtoto. Wadudu wako wengi hawako wazi. Wako ndani ya ukuta na juu ya dari, ambako ukungu huo haufiki. Utawaua wale wa dirishani, ambao ungewafyonza kwa dakika tano, na kesho yake watatoka wengine. Gesi inayoisukuma dawa hiyo mara nyingi inawaka moto, na katika nyumba ya zamani yenye jiko au hita ya maji ya gesi ambayo moto wake mdogo hauzimwi, makopo manne kwa wakati mmoja ni hatari ambayo hata sipendi kuifikiria. Kuhusu kifua cha mtoto mwenye pumu na mabaki ya dawa kwenye godoro lake, sidhani kama nina haja ya kuandika zaidi. Na hata kama ungepata dawa ya kufika ndani ya ukuta, ukawaua maelfu kwa mara moja, ungekuwa umewaandalia karamu wale vidudu vidogo vya zulia niliowataja. Hula mizoga ya wadudu, na mizoga ikiisha huhamia kwenye mablanketi ya sufu.

Kwa hiyo leo jioni tumia mashine ya kufyonza vumbi. Kata soksi ndefu ya nailoni ya kike, ingiza ncha iliyofungwa ndani ya bomba la mashine kwa urefu wa kiganja na nusu, kisha kunja mdomo wa soksi juu ya ukingo wa bomba na uubane kwa mpira imara. Washa, na upitishe bomba taratibu kwenye pembe za dari na fremu za dirisha bila kuwagusa kwa brashi, kwa sababu wakisuguliwa ndipo wanapotoa yale maji. Utawasikia wakigonga bomba kama punje za mchele. Soksi ikijaa kiasi cha ngumi, ivute nje kabla hujazima mashine, la sivyo watarudi mkononi mwako. Ifunge fundo juu, na uizamishe kwenye ndoo ya maji yenye sabuni ya vyombo. Sabuni ndiyo inayowazamisha, maana kwenye maji matupu wanaelea. Mwaka wangu wa kwanza katika nchi ya baridi niliona habari ya soksi ni ushamba, nikawafyonza moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa mashine, nikaiweka kabatini usiku. Asubuhi nusu yao walikuwa wametembea wakatoka, na mashine ile ilinuka hadi nikaigawa.

Ukimaliza kufyonza, futa fremu na kuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kupunguza ile harufu inayowaita wenzao. Kisha, kwa kuwa baridi imeshaingia na walio ukutani hawatatoka wote, ziba njia zinazowaleta chumbani. Kagua mahali taa inapoingia kwenye dari, soketi na swichi za kuta za nje, mipaka ya fremu za dirisha kwa ndani, na ule ubao wa chini ukutani mnaouita skatingi. Silikoni inayopakika rangi, yaani gundi laini ya kuzibia nyufa inayokamuliwa kwa bunduki yake, inatosha, na kwenye soketi kuna vipande vya sponji vilivyokatwa tayari vya kuweka nyuma ya kifuniko. Zima umeme kwenye sanduku kuu kabla ya kufungua kifuniko chochote. Mlango mdogo wa kupandia darini nao uwekewe mpira pembezoni. Hapo wakiamka watabaki upande wao wa ukuta, na majira ya kuchipua watatoka wenyewe kwa njia waliyoingilia.

Kazi ya nje isubiri. Gundi nyingi za kuzibia hazishiki vizuri kwenye ukuta uliopoa sana, na kupanda ngazi kwenye barafu si jambo la kumwomba mtu. Panga wikendi mbili za Agosti, au mapema Septemba. Anza darini saa sita mchana: panda, zima taa, kaa gizani dakika chache mpaka macho yazoee. Utaona mistari ya mwanga kwenye pembe za paa na chini ya upenu. Kila mstari ni mlango, na kila mmoja uwekee alama kwa chaki. Mbawakawa huyu hupenya kwenye ufa wa milimita 3, kwa hiyo usidharau wembamba. Nyufa zibwe kwa silikoni, mianya mipana kwa povu la kujaza, na matundu ya hewa ya darini yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo kama ule wa kuzuia mbu. Zungukia pia mabomba, nyaya na bomba la kiyoyozi yanapoingia ukutani, kagua nyavu za madirisha zilizochanika, na weka mpira chini ya milango: ukisimama ndani mchana ukaona mwanga chini ya mlango, wao pia wanauona.

Hapa nina tahadhari moja ambayo watu wanaojifanyia ufundi wenyewe huisahau. Usizibe bomba la kutolea moshi wa hita au mashine ya kupasha joto, kwa sababu gesi yake isiyo na harufu inaua watu usingizini. Bomba la mashine ya kukausha nguo nalo usiliwekee wavu, kwani pamba ya nguo itaujaza na kuwaka moto. Hilo linahitaji kifuniko chenye mlango unaojifunga wenyewe. Na yale matundu madogo chini ya fremu za madirisha au kwenye matofali ni ya kutolea maji, yaache yapumue au yawekee wavu wake maalumu. Faida ya ziada ya kazi hii yote ni kwamba inawazuia pia kunguni wa miti wale weusi wenye mistari myekundu, ambao nao Minnesota huingia majumbani majira yale yale, na inapunguza bili ya joto.

Dawa ina nafasi yake, lakini nje tu, na kwa siku chache za mwaka. Mtaalamu mwenye leseni anaweza kupuliza dawa ya jamii ya pairethroidi kwenye ukuta wa kusini na magharibi, kuzunguka madirisha na chini ya upenu, mwishoni mwa Septemba au siku za kwanza za Oktoba, kabla hawajaanza kutua. Jua na mvua huimaliza nguvu, kwa hiyo ikipulizwa Agosti ni hasara, na ikipulizwa Novemba imechelewa. Isipulizwe kwenye maua yanayotembelewa na nyuki, wala karibu na bwawa la samaki, na mwenye paka aulize ni dawa ipi hasa, kwani baadhi zinamdhuru sana paka. Kwa nyumba iliyozibwa vizuri mimi huwa sioni haja yake, na kampuni itakayokuja Januari ikitaka kupuliza ndani ya vyumba, ishukuru na uifungie mlango.

Kuhusu aliyekuuzia, ni kweli kwamba sheria ya Minnesota inamtaka muuzaji aeleze mambo makubwa anayoyajua kuhusu nyumba, na mwanasheria ndiye wa kusema kama wadudu wa msimu wanaingia humo. Mimi kama mtu wa wadudu naona ungepoteza fedha na amani. Nyumba iliponunuliwa Juni hapakuwa na mdudu hai wa kuonekana, mkaguzi asingemwona isipokuwa kama angefungua vifuniko vya taa na kukuta mizoga ya mwaka uliotangulia. Mbao na paa lako havijaharibiwa. Na jirani zako wa upande ule wa shamba karibu wote wanao. Waulize wao, na hata huyo muuzaji, kwa upole: ni ukuta gani hujaa zaidi, na wanaingia wapi. Aliyekaa miaka 20 katika nyumba hiyo anaweza kukuonyesha kwa kidole ufa ambao ungeutafuta kwa misimu mitatu.

Mapazia usiyapige pasi wala kuyatia kwenye mashine ya kukausha kabla madoa hayajatoka, kwa sababu joto litayagandisha. Yaloweke kwenye maji baridi na sabuni ya vyombo, yapondeponde taratibu bila kusugua, na ujaribu kwanza kwenye pindo. Yakishatakata yakunje uyaweke, utundike kitambaa cha rangi iliyokoza msimu huu, na hayo meupe uyarudishe Mei.